Waridi Kisogoni mwa Malkia

Nilipaswa kusema siwezi. Ilikuwa Alhamisi asubuhi, nyumbani kwa Maalim kule Umm Salal, nje kidogo ya Doha. Binti yake mkubwa aliingia jikoni na sinia. Juu ya sinia alikuwa amepanga sarafu kumi na moja za babake, nyeusi kama masizi, akaniuliza kama ni kweli niliwahi kung'arisha vyombo vya fedha hotelini. Nikasema ni kweli. Akaniuliza kama ningeweza kuzing'arisha hizi kabla baba hajatoka hospitali siku ya pili yake. Nikamwambia, "Madamu, hiyo ni kazi ya saa mbili."

Nalongo, mpishi wetu Mganda, alikuwa anakata vitunguu. Alimsubiri binti atoke, kisha akasema bila kuinua kichwa, "Mzee, hiyo vitu iko na mwenyewe. Wacha ilale."

Nikamwambia yeye apike, fedha aniachie mimi.

Nikiikumbuka sauti yangu ya asubuhi ile, jinsi ilivyokuwa imejaa raha, hadi leo napigwa na butwaa. Ningekuwa sikujua, ningejisamehe mapema. Lakini nilijua. Mwenye sarafu alikuwa amenieleza kwa kinywa chake, zaidi ya mara moja, nami nilikuwa nimeitikia kwa kichwa kama mwanafunzi mwema.

Nyumba nzima ilimwita Maalim, kwa sababu alikuwa amefundisha historia shule za sekondari mpaka alipostaafu. Kiswahili chake kilikuwa cha Unguja, kitamu, chenye maneno ambayo mimi mtu wa Bungoma niliyasikia tu redioni. Alivyokipata na alivyofika Doha sikuuliza, naye hakusimulia. Mimi nilimjua katika miaka yake saba ya mwisho, kwanza kama mtumishi wa kupeleka kahawa majlisi, chumba cha kupokelea wageni, kisha kama msomaji wake, kwa kuwa macho yake yalikuwa yamefunikwa na ukungu.

Jina langu ni Elia. Yeye aliniita Ilyasi. Siku ya kwanza nilimsahihisha. Akasema, "Elia ni wa kwenye pasipoti. Huyu anayeniletea kahawa ni Ilyasi." Basi nikawa na majina mawili, na la pili nililipenda kuliko nilivyowahi kulipenda la kwanza.

Ukimtazama harakaharaka ungedhani ni mzee wa kawaida wa Kiarabu aliyechoka. Kanzu yake ilikuwa nyeupe siku zote, ila ndani ya mfuko wa kulia kulikuwa na vitambaa vya pamba vilivyokatwa kutoka kanzu kuukuu. Vitambaa kama hivyo ndivyo alivyofungia sarafu zake. Hakutaka plastiki karibu nazo. Alisema plastiki hutoa jasho, na jasho lile hula fedha. Binti zake walimnunulia albamu ya ngozi yenye kurasa za mifuko myembamba. Aliwashukuru sana, akaiwekea picha za wajukuu. Sarafu zikabaki ndani ya bati la tende.

Zilikuwa sarafu za wafalme wa Waingereza, za zamani sana, zile za mwanzo kabisa kupigwa kwa mashine. Hadithi yake niliisikia mara nyingi kuliko mahubiri ya Krismasi. Zamani, alisema, kila sarafu ilipigwa kwa nyundo. Mtu aliweka kipande cha fedha juu ya chuma, akakipiga, picha ikatokea imepinda, ukingo umechongoka. Kwa kuwa hakuna iliyokuwa mviringo kamili, wezi walizikata kingo kwa mkasi na hakuna aliyegundua. Kisha katika enzi ya yule malkia ambaye hakuolewa, akaja fundi kutoka Ufaransa na mashine iliyozungushwa na farasi. Sarafu zake zilitoka mviringo, safi, herufi zimesimama wima. Mafundi wa nyundo wakamchukia. Baada ya miaka kumi hivi akaondolewa kazini, na miaka michache baadaye akanyongwa kwa kutengeneza sarafu za bandia.

Hapo ndipo Maalim aliponigeukia na kuniuliza kila mara, "Haya Ilyasi, kosa lake lilikuwa nini?"

Nilimjibu mara kwamba ni tamaa, mara kwamba ni umaskini, mara kwamba walimsingizia. Hakuwahi kuniambia nimepata wala nimekosa. Alisema, "Kaa nalo," akanyoosha kikombe.

Nilikuja kumwona ana mambo mawili-mawili ndani yake ambayo hayakupatana. Waingereza hakuwapenda hata kidogo. Mwanawe aliyekuwa akifanya kazi London alimwalika mwaka baada ya mwaka, naye akasema amekwisha kuiona kwenye ramani, inatosha. Lakini uso wa malkia wao aliushika kama mtu anavyomshika kifaranga. Nilipomuuliza, alisema hakusanyi Waingereza, anakusanya kazi ya mtu aliyejitahidi.

Alikuwa mkali kuhusu ukweli kupita wazee wote niliowajua. Siku moja alimrudisha mjukuu wake dukani Al Mansoura, kilomita kadhaa, kwa sababu alidanganya kwamba mkate ulikuwa umekwisha. Hata hivyo wageni asiowapenda aliwadanganya mchana kweupe. Akija mtu wa kujisifu, wa kutoka yale maghorofa ya West Bay, akaomba kuonyeshwa sarafu maarufu, Maalim alimletea vifungo viwili vya bati na kumweleza kwa upole ni vya mfalme gani. Mgeni alitikisa kichwa kwa heshima. Mimi nilitoka na sinia nikaenda kucheka jikoni.

Dereva alipomgongea mti wake wa kunazi akirudisha gari nyuma, alimwambia mti utachipua, aende akale. Lakini mtu aliyemwambia afanye haraka hakusahaulika. Na dalla, birika letu la kahawa, alitaka ling'ae hata aone ndevu zake ndani yake, ilhali sarafu zake ziliachwa nyeusi.

Hili la mwisho lilinitatiza mimi zaidi ya yote, kwa sababu kabla ya kuja Umm Salal nilikuwa nimefanya kazi miaka tisa katika hoteli moja West Bay, kwenye chumba cha chini ambako vyombo vya fedha hung'arishwa. Uma, visu, sahani za harusi, mabirika. Tulikuwa watu sita, Wakenya na Wanepali. Tulivaa glovu nyeupe, kwa kuwa alama moja ya kidole ilimfanya msimamizi arudishe trei nzima. Nilijifunza kuchanganya maji moto na soda ya kuokea juu ya karatasi ya foili, nikazamisha chombo na kuona weusi unaondoka wenyewe. Nilijifunza ile dawa ya rangi ya waridi, nzito kama uji, na kitambaa laini, na mzunguko wa kidole gumba. Kwetu pale chini chombo cheusi kilikuwa aibu. Hakukuwa na sababu yoyote duniani ya fedha kuwa nyeusi isipokuwa uvivu wa mtu.

Kazi hiyo ndiyo iliyonipa kibali kwa Maalim. Alikuwa na mtihani wake. Mtu akikaa naye mara ya tatu au ya nne, alimwekea sarafu mkononi ghafla, bila neno, kisha akatazama vidole. Wengi waliifumba kiganjani, au wakaisugua uso kwa kidole gumba waone kama inang'aa. Aliichukua polepole na hakuwapa tena. Mimi aliponiwekea, niliishika ukingoni kwa ncha za vidole viwili, bila kufikiri, kama nilivyoshika kila kitu cha fedha kwa miaka tisa. Ukungu ulikuwa machoni mwake lakini aliona. Akasema, "Nani kakufundisha?"

"Hotelini, Maalim."

"Basi keti."

Tangu siku ile, kila siku baada ya sala ya Alasiri, nilikuwa na saa moja ndani ya majlisi nikiwa nimeketi na si nimesimama. Mimi niliyeishia kidato cha nne, nilimsomea magazeti na vitabu vya Kiingereza, naye alinifundisha sarafu moja baada ya nyingine. Alinifundisha kusoma tarehe. Alinionyesha sarafu kubwa ya mfalme wa baadaye yenye maneno ya Kilatini yamezunguka ukingo, maana yake pambo na kinga, yaliyowekwa hapo ili mkasi wa mwizi ukigusa uonekane. Aliyasoma kwa ukucha. Alisema, "Tazama kwanza, gusa baadaye, sema mwisho," nami nikalichukua neno hilo nikawa namwambia binti yangu, muuguzi hapa hapa Doha, kwenye simu, kana kwamba ni langu.

Mapema tu, mwezi wa pili au wa tatu wa saa zile, nilijitolea. Nilimwambia Maalim, hizi nikizipata nusu siku, utazipenda. Yeye akaichukua ile aliyoipenda kuliko zote, sarafu ya peni sita ya malkia, akainamisha kwenye mwanga wa dirisha.

"Unaona waridi?"

Nyuma ya kisogo cha malkia fundi alichora ua dogo. Lilikuwa limelika sana. Niliona petali tano kwa shida, zimetenganishwa na mistari myeusi myembamba.

"Fedha yenyewe hapo imeshakwisha," alisema. "Kinacholichora hilo ua ni weusi. Miaka mia nne na zaidi imekaa ndani ya mikunjo. Hiyo si taka, Ilyasi. Hiyo ni ngozi yake."

Nikaitikia. Nakumbuka nikiitikia.

Mwaka wa nne macho yalimfunga karibu kabisa. Sarafu akazijua kwa kidole. Waridi hakuweza kulijua kwa kidole, kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, halikuwapo. Lilikuwa la kuonwa tu. Mara nyingi aliniomba nimwambie lipo. Niliinamisha sarafu dirishani nikamwambia lipo, Maalim, petali tano. Daktari alipokubali kumpasua macho, binti zake walimuuliza anataka kuona nini kwanza, wakitarajia ataje wajukuu. Alisema wajukuu wanapiga kelele, anajua walipo. Anataka kuona waridi.

Haya yote nilikuwa nayo kichwani Alhamisi ile. Sasa niseme kwa nini nilikubali, maana nimekuwa na muda wa kutosha kulitafuta jibu. Binti yule hakuwa na kosa. Yeye aliona vitu vichafu na baba anayerudi na macho mapya. Mimi nilifurahi kuombwa. Katika nyumba ile niliombwa kubeba, kufungua, kumwaga. Hakuna aliyewahi kuniomba kile mikono yangu ilichokuwa bingwa wake. Nilimwona Maalim akifungua macho, fedha inawaka, anauliza ni nani. Nilijiambia kwamba mtu aliyekaa gizani hawezi kupendezwa na weusi zaidi. Nilijiambia kwamba habari ya ngozi ilikuwa maneno ya mzee asiyeona.

Nilianza na moja ndogo, niliyodhani haina maana sana. Niliizamisha. Maji yakanuka yai bovu, kama kawaida, na uso wa malkia ukatoka mweupe kama kijiko kipya. Hapo nilishtuka kidogo. Nilijua nimefanya jambo lisilorudi. Ningesimama pale ningekuwa nimeharibu moja. Lakini moja nyeupe katikati ya kumi nyeusi ingepiga kelele, ingeuliza imekuwaje. Basi nikazamisha zote. Zilizobaki na madoa nikazipaka dawa, nikazizungusha kwa kidole gumba, mpaka ile ya waridi.

Nalongo alipita akazitazama juu ya taulo. "Sasa zinafanana zote," alisema.

Ijumaa majlisi ilijaa. Majirani, wanafunzi wake wa zamani wenye mvi, wakwe. Maalim aliingia akiwa amevaa miwani ya kukinga mwanga, kisha akaivua. Nilikuwa nimesimama na dalla mkononi. Sijawahi kuona mtu akitazama hivyo. Alitazama zulia, mikono yake, nyuso za watu moja moja akiwaambia wamezeeka, na watu wakacheka. Alinitazama mimi na kusema kwa Kiswahili, "Kumbe una kovu kidevuni, hukunambia." Nikacheka pia.

Binti akaleta sinia, amelifunika kitambaa cha kijani. Akafunua. Wageni wakasema mashallah.

Maalim aliichukua ya peni sita, kwa ukingo. Hakuhitaji kuitafuta. Aliigeuza kuelekea dirishani na kuinamisha, kidogo, kidogo zaidi. Akaisogeza karibu. Akaigeuza tena. Nilikuwa nimezoea kusoma uso wake, nao haukubadilika, na hilo ndilo lililonitisha. Akaiweka. Akachukua nyingine, akaiweka. Kisha akarudia ile ya kwanza, akaitazama kama mtu anayesoma barua mara ya pili akidhani ameruka mstari.

"Nani?" aliuliza.

Binti yake, akitabasamu, akasema ni Elia, amefanya asubuhi moja tu.

Maalim aliinua macho yale mapya. Alisema kwa Kiswahili, ili wageni wasielewe, na kwa sauti ile ile aliyoniombea kahawa kila siku.

"Umezichuna, Ilyasi."

Kisha akawageukia wageni, akaishika ile sarafu juu, na kuwasimulia kwa Kiarabu hadithi ya fundi na mashine ya farasi, mwanzo hadi mwisho. Walimsikiliza. Hakuna aliyejua kilichotokea. Mimi nilimimina kahawa, nikamwagia mmoja wao vidoleni.

Kesho yake, baada ya Alasiri, nilikwenda. Nilikuwa nimeyapanga maneno ya kumwomba radhi kwa Kiswahili bora nilichokuwa nacho. Hakuniacha nifike nusu. Alisema binti yake hajui wala asiambiwe, kwa sababu alifanya kwa mapenzi. Nikamwambia nami nilifanya kwa mapenzi. Akatikisa kichwa.

"Yeye hakuambiwa," alisema. "Wewe nilikwambia. Nilidhani ulikuwa ukisikia."

Akanishukuru kwa kahawa. "Ahsante, Elia."

Ndivyo aliniita tangu hapo. Elia, jina langu sahihi, lililo kwenye pasipoti.

Hakunifukuza. Mshahara haukuchelewa, na mke wangu alipougua nyumbani aliniuliza hali yake kila wiki. Sikukemewa hata siku moja. Lakini saa ile baada ya Alasiri iliisha. Kwa muda nilijifariji kwamba ni kwa sababu sasa anaona, anajisomea mwenyewe. Mpaka siku nilipopita mlangoni nikamkuta Nalongo ameketi kwenye zulia, mikono imekaushwa kwa aproni, ameshika sarafu kubwa ya mfalme kwa ncha za vidole viwili, naye Maalim anamsomea maneno ya ukingo. Nalongo alinitazama kwa huruma. Nikapita na ndoo yangu.

Miaka miwili baadaye viungo vilinikatalia kazi, nikahamia kwa binti yangu Al Mansoura, katika chumba chake kilichojaa vitabu vya uuguzi. Mwanzoni mwa mwaka huu Nalongo alinipigia simu: Maalim hajisikii vizuri, kama nataka kumwona nije. Binti yangu alinipeleka siku yake ya mapumziko.

Nilimkuta kwenye kiti karibu na dirisha lile lile, amepungua, bati la tende mapajani. Alifurahi kuniona, sitamsingizia. Aliuliza magoti yangu. Alimuuliza binti yangu anafanya wodi gani, akamwambia wauguzi wana subira kuliko walimu. Nilitaka sana kuzungumza juu ya sarafu na niliogopa. Mwishowe nilisema nimepata jibu la swali lake la zamani, la kosa la yule fundi.

"Lipi?"

"Alikuwa hodari, Maalim, na hakujua pa kuuzuia mkono wake."

Alifikiri. Alisema ni jibu zuri. Hakusema nikae nalo.

Akafungua kitambaa na kuniwekea ile ya peni sita mkononi. Weupe ulikuwa umeanza kupooza, ukingoni kumeingia rangi ya chai hafifu. Nikamwambia, "Inarudi." Akasema ndiyo, inarudi, miaka mia tatu hivi itakuwa imekaa sawa. Alisema bila kejeli, kama mwalimu anavyotaja umbali. Niliishika kwa ukingo, kwa ncha za vidole viwili, kwa uangalifu kuliko nilivyowahi kushika kitu chochote maishani, na nikainua macho nione kama ameona.

Maalim alikuwa anatazama nje, dirishani, ambako mti wa kunazi uliogongwa ulikuwa umechipua.

Nikamrudishia. Akasema, "Safari njema, Elia." Wiki tatu baadaye akafariki.

Watu wakinisikia hudhani nasikitikia sarafu. Sarafu zipo, na bei yake sijui. Uamuzi ule wa jikoni ulinipokonya mtu mmoja katika nchi hii aliyenikalisha chini na kunifundisha. Aliishi miaka mitatu baada ya Alhamisi ile, miwili kati yake tukiwa chini ya paa moja, naye alikuwa mwema kwangu kila siku kama alivyokuwa mwema kwa mgeni yeyote. Nilikuwa rafiki yake, na baada ya hapo sikuwa.